Mlango wa Hariata

Marafiki wa Kinamasi walikuwa na fulana. Hilo ndilo jambo la kwanza ambalo Ripeka alimwambia mtu yeyote aliyemuuliza habari zao, na mara nyingi lilikuwa la mwisho pia, kwa sababu aliona limetosha. Mtu anayependa kinamasi, alisema, utamjua kwa matope ya miguuni. Ukimwona amevaa fulana ya kijani yenye ndege kifuani na neno "rafiki" mgongoni, huyo kinamasi hakimhusu, anapenda kutazamwa.

Mwenyekiti wao, Graeme Tuckwell, aliuza mabwawa ya kuogelea huko Auckland miaka nenda miaka rudi, akatajirika, akastaafu, akaja kujijengea jumba la vioo ng'ambo ya mlango wa mto Wairaupo, linalotazama hifadhi. Jioni hukaa kibarazani na darubini na glasi yake ya mvinyo, na kitu kilichomkera pale kibarazani ni mikoko. Mikoko ilisimama kati yake na maji. Mtu mwingine angesema waziwazi kwamba inamziba macho, watu wangemcheka kidogo, yakaisha. Tuckwell akaunda kikundi. Akagundua kwamba kuna ndege, kuaka, wanaovuka bahari nzima kila mwaka kuja kudonoa kwenye tope lililo wazi, na kwamba mikoko inalifunika tope hilo. Basi akashikwa na huruma ya kuaka hata usingizi ukamruka. Ajabu ya huruma hiyo ni kwamba ilianzia hasa pale kibaraza chake kilipoanzia, na ilikomea pale kilipokomea.

Wakapewa kibali, wakakata mikoko iliyokuwa mbele ya nyumba zao kwa misumeno ya mkono, wakala soseji ndani ya mkate, wakapiga picha. Kipupwe kilichofuata, dhoruba ya kaskazini ilipokuja, nusu ya bustani ya Tuckwell iliteremka majini pamoja na benchi lake la kupumzikia. Alisema ni mabadiliko ya tabianchi. Akaleta malori ya mawe, akajaza ukingo, akaendelea kunywa mvinyo wake akiwa na hakika ile ile kama jana.

Na sasa alitaka upande wa pili.

Upande wa pili palikuwa na tuta la mchanga, na juu ya tuta makaburi ya ukoo wa kina Ripeka. Mbele ya makaburi ilisimama mikoko, mizee, mifupi, iliyopinda, na baada ya mikoko ni maji. Hariata, mama yake Ripeka na Paora, alilala safu ya mbele kabisa, kwa sababu mwenyewe alitaka alale anaposikia maji yakiingia na kutoka. Mikoko ile ikiondoka, dhoruba moja ingetosha. Bustani ya Tuckwell ilikuwa imeshaonyesha njia, na bustani haina mama wa mtu ndani yake.

Halmashauri haikuwa na ujasiri wa kumkatalia Tuckwell wala wa kumkubalia. Ilisema mikoko ya mbele ya makaburi isiguswe mpaka watu wa marae, uwanja wa ukoo wa kukutania na kupokelea wageni, wakubali wenyewe. Hapo ndipo Tuckwell alipogundua kwamba Paora, mdogo wake Ripeka na mwenyekiti wa kamati ya marae, ni mtu muungwana sana. Akamwita nyumbani kwake kula nyama ya kuchoma. Akamtembeza kwenye mashua. Akasikia kwamba paa la nyumba ya kulia chakula ya marae linavuja, naye akaguswa, maana alikuwa mtu wa kuguswa haraka kama maziwa yanavyochacha, akaahidi kwamba Marafiki wataweka bati jipya lote.

Ukoo ulikaa kulijadili jambo hilo ndani ya nyumba ile ile ya kulia, ndoo zikikinga matone sakafuni, na matone yenyewe yakimsemea Tuckwell vizuri kuliko wakili. Paora alieleza habari za bati. Binamu mmoja akasema mikoko imekuwa mingi mno, imefunika mahali walipokuwa wakiokota kome utotoni, na hilo lilikuwa kweli. Mwingine akasema Tuckwell ameahidi mawe ya kuzuia ukingo. Halafu wote wakamgeukia Ripeka, kwa sababu walijua hatakosa la kusema.

"Hivi mnajisikia nyie?" Ripeka akawauliza. "Mtu anawatupia bati, mnaitikia mee. Kondoo. Tena kondoo ana nafuu, angalau anatoa sufu."

"Dada," Paora alisema, "tunakuomba utueleze ubaya wake. Matusi tumeshayazoea."

"Nikueleze nini? Mtu wa kuelezwa hilo hafai kuelezwa."

Akachukua koti lake. Mlangoni akawaambia akirudi awakute wamepata akili. Akaenda kukaa ndani ya gari lake, mvua ikipiga juu, akiwa na hakika kwamba mtu atatumwa kumbembeleza. Aliwadharau kwa kuchelewa kumtuma. Baadaye akawadharau kwa kutomtuma kabisa, akawasha gari akaenda kulala. Asubuhi Paora alimpigia simu kumwambia kwamba wamekubali, Marafiki watakuja Jumamosi kupokewa rasmi na kupewa neno, na mashine itaingia Jumatatu. Ripeka akasema, "Hongera," akakata simu.

Jumamosi ile alikuwa jikoni mwa marae tangu mapema, amevaa gauni jeusi, akikaanga mikate kwa hasira. Paora aliingia kwa mlango wa nyuma amevaa suti ya misibani.

"Dada, wageni wako njiani. Utaita?"

"Wageni gani?"

"Usianze."

"Nauliza tu. Mgeni ninayemjua mimi ni mtu anayekuja halafu anaondoka."

Paora alichukua mkate, akaumega, akaurudisha kwenye sahani bila kuula. "Hakuna mwingine wa kuita. Shangazi Kuini yuko hospitali na nyonga yake, mabinti wote wako Australia. Usipoita, watu watasimama langoni wanalowa, na aibu itakuwa yetu, si yao. Unalijua hilo kuliko mimi."

Alilijua. Wageni hawaingii marae bila mwito wa mwanamke. Waweza kuwa waziri, waweza kuwa askofu, utasimama langoni kama mbuzi wa mnada mpaka sauti ya mwanamke ikuvute ndani. Na mwenyeji anayemwacha mgeni langoni, jina lake huliwa na watu kwa vizazi.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," Ripeka alisema. "Nangoja kuona nitakavyopona na Graeme."

"Utaita au huiti?"

"Nitaita. Na upande wao anaitikia nani? Au Lorraine Tuckwell atatuimbia wimbo wa Krismasi?"

"Wana binti wa halmashauri, anaitwa Atarangi. Ni mwenzetu, kwao kusini."

"Wa kukodi."

"Amesomea, dada."

"Amesomea kuita." Ripeka aligeuza mkate kwenye mafuta. "Siku hizi hata kulia msibani nasikia kuna cheti. Nenda kavae tai yako vizuri, umeifunga kama mtu anayetaka kujinyonga halafu akaghairi."

Paora aliirekebisha tai, akatoka.

Walikuja kwa magari yao makubwa yasiyowahi kuona tope. Ripeka alisimama kwenye baraza ya nyumba kuu, shada la majani kichwani, akawatazama wakijipanga langoni chini ya manyunyu. Fulana za kijani wote, juu ya mashati ya mikono mirefu, maana palikuwa na baridi. Lorraine Tuckwell alishika sahani ya keki mbele ya kifua, ingawa aliambiwa chakula hakiingii uwanjani wakati wa mapokezi. Mtu mmoja akamnong'oneza, akaiweka keki juu ya boneti ya gari. Shakwe akaiona kabla hajageuka. Tuckwell mwenyewe alikuwa na kikaratasi mkononi na midomo ilikuwa ikichezacheza. Alikuwa anakariri salamu. Ripeka alishawahi kumsikia akisema "kia ora" kwenye duka la samaki, na muuza samaki akamuuliza kama ameumwa na jino.

Mbele yao alisimama binti mwembamba mwenye gauni jeusi, shada la majani kichwani na viatu vya kiofisi. Huyo ndiye Atarangi. Alikuwa na miaka ishirini na kitu. Kasuku wa chuo, Ripeka alijisemea moyoni. Tutaona.

Akawaacha wasimame. Desturi haina saa. Alikaza shada lake, akatengeneza mikunjo ya gauni, akakohoa. Kwenye benchi la wenyeji Paora alimtazama kwa jicho kali, naye hakumtazama. Tuckwell akainua mkono akapunga, kama mtu anayemwita mhudumu hotelini.

Maneno ya mwito ni ya anayeita. Hakuna kamati inayoyapitisha wala mwanamume anayeyatia kinywani mwa mwanamke. Tangu kura ilipopigwa Ripeka alikuwa akiyaandaa yake usiku na mchana, na yalikuwa matamu. Alikuwa amepanga kumkaribisha muuza madimbwi kwa watu wenye bahari. Alikuwa na jambo la kusema kuhusu benchi lililokwenda kuogelea. Alijua Tuckwell hatafahamu hata neno moja la lugha ya nyumbani, atasimama pale anatabasamu, na wenyeji wote wataelewa na watashindwa kuyazuia meno yao. Kwa siku zote hizo ndicho kitu pekee kilichompa usingizi.

Akavuta pumzi, akainua macho. Juu ya vichwa vya zile fulana, ng'ambo ya barabara, aliliona tuta la makaburi. Maji yalikuwa yamejaa. Mikoko ilikuwa imesimama ndani ya maji mpaka kiunoni, na nyuma yake, karibu kiasi cha kutisha, jiwe jeupe la mama yake. Alilipita jiwe lile kila siku ya Mungu. Hakuwahi kuliona kutoka pale barazani na maji yakiwa yamejaa namna ile, na yale matusi matamu yakamkauka mdomoni. Akatafuta hata moja, hakulipata.

Akaita.

"Karibuni, wa ng'ambo ya maji, karibuni. Njoni na wafu wenu, wafu wetu wawaone. Hariata, mama, amka. Umelala mbele kabisa na mikoko ndiyo mlango wako, na hawa waliosimama hapa wanakuja kuung'oa mlango. Amka uwajibu mwenyewe, mama. Watoto wako tumeshawajibu, tumesema ndiyo."

Sauti yake ilikuwa imezeeka na ilikwaruza mwishoni, ikavuka uwanja, ikaenda. Kwenye benchi la wenyeji binamu yule wa kome aliinamisha kichwa. Paora aliyatazama magoti yake mwenyewe, masikio yamemwiva.

Tuckwell alitabasamu. Alimgeukia mkewe akamwambia kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni, "Maridadi sana, eh? Wanatukaribisha."

Sasa ilikuwa zamu ya kasuku. Atarangi akafungua kinywa, na sauti iliyotoka haikuwa ya chuo chochote. Ilikuwa pana na safi. Ripeka, ambaye kwa sauti za watu alikuwa bahili wa sifa, alijikuta amesimama wima zaidi.

"Naitika, mama mwenye nyumba, naitika. Nimeusikia mwito wako. Waliniambia kuna miti, hawakuniambia kuna mtu amelala mlangoni. Hariata, usiamke. Lala. Mimi ndiye niliye mbele yao, na juu yako sitawapitisha."

Akaanza kutembea taratibu, wageni nyuma yake. Katikati ya uwanja akasimama, kama desturi inavyotaka, ili watu wawakumbuke wafu. Vichwa vikainama. Wakasimama kwa kiasi cha desturi. Wakasimama kupita kiasi cha desturi. Manyunyu yakawa mvua. Atarangi hakuinua mguu.

Wenyeji walikuwa wameelewa tangu mwanzo wa kimya kile. Mgeni hampiti anayemwitikia. Yeye akisimama, msafara umesimama. Binti alikuwa amefunga njia kwa miguu yake miwili, mbele ya watu alioletwa kuwaingiza.

Tuckwell naye alikuwa na maarifa yake. Akachungulia kulia, akachungulia kushoto, akatazama mvua. Aliona viti vya wageni vile pale, vikavu, chini ya turubai, na hakuona sababu ya watu wazima kulowa. Akamzunguka binti kama mtu anayezunguka dimbwi, akamvuta Lorraine kwa kiwiko, akaenda kukaa kiti cha kwanza cha safu ya kwanza. Marafiki wengine wakasitasita, halafu wakamfuata mmoja mmoja, wakiomba radhi kwa minong'ono kila walipompita. Mwanamke mmoja alimpa Atarangi mwavuli wake. Hakuupokea.

Akabaki peke yake katikati ya uwanja, gauni limemganda. Kwa desturi hakuwa amefika wala hakuwa ameondoka.

"Dada," Paora alisema kwa sauti ya chini kutoka benchini.

"Nimemwona."

Ripeka hakuwahi kuita mtu mmoja peke yake maishani mwake isipokuwa maiti. Akaita. "Njoo, mwanangu. Njoo wewe, ingia, umeshafika kwenu." Hakuongeza kitu. Binti akaja moja kwa moja mpaka barazani, si kwenye viti vya wageni, na Ripeka akamvua shada lililolowa, akampangusa uso kwa kitambaa chake cha mfukoni. Ng'ambo ya uwanja Tuckwell alikuwa anatazama saa yake.

Kisha Paora akasimama kusema. Kila mtu alijua hotuba iliyokuwa mfukoni, ya kushukuru kwa bati na kukabidhi neno. Hakuitoa. Alitembea huku na huko na fimbo ya babu yake. Akawasalimu wafu, na alipofika kwa Hariata akasimama kidogo kabla ya kuendelea. Alisema kwa lugha ya nyumbani kwamba ukoo ulitoa neno bila kumuuliza mtu aliyestahili kuulizwa kwanza, na leo ameulizwa mbele ya watu, na mtoto wa wenyewe ameitika kwa niaba ya wageni kwamba hapapitiki. Basi hapapitiki. Mikoko ya mbele ya makaburi ibaki. Paa litaendelea kuvuja, na wenye paa watavumilia. Alisema yote hayo kwa upole, kwa maana mgeni ni mgeni, na alimaliza kwa kuwatakia safari njema na afya.

Tuckwell aliitikia kwa kichwa mwanzo mpaka mwisho. Paora alipomaliza, akapiga makofi, peke yake, mapigo mazito kabisa, mpaka Lorraine akamshika mkono. Akasimama na kikaratasi chake, akasoma salamu, na kwa matamshi yale aliwaambia wenyeji kwamba yeye ni sufuria. Hakuna aliyecheka, watu wa marae wana adabu kuliko wanavyodhaniwa. Akaweka bahasha ya zawadi chini kama alivyofundishwa. Wakapita mstarini kugusanisha pua na vipaji vya uso, ndiyo salamu ya kumpokea mgeni, na Tuckwell akaifanya kazi hiyo kwa bidii, akamkumbatia Paora, akampigapiga mgongo.

Chakula kilikuwa kingi: kome wa moshi, nyama ya nguruwe iliyochemshwa na mboga chungu, mikate ya Ripeka, viazi vitamu. Adui akikaa mezani ni mdomo tu, na mdomo hulishwa. Tuckwell alikula kwa heshima kubwa, akarudia, akaomba na siagi. Ndoo zilikuwa zimewekwa sakafuni kama kawaida na tone moja lilikuwa likimwangukia begani. Akalionyesha kwa kidole na kumkonyeza Paora, kama watu wawili wenye siri.

"Jumatatu mashine inaingia saa moja," alisema. "Tutaanzia upande wenu, mnaonaje? Ni heshima."

Paora aliweka uma chini. Atarangi, aliyekaa kando ya Ripeka, akatangulia. "Bwana Tuckwell, haingii. Wamekataa."

"Wamekataa nini?"

"Mikoko isikatwe. Amesema kwenye hotuba."

Tuckwell alicheka, akatazama nyuso, akaacha kucheka. Shingo ikamwiva kutoka kwenye kola ya fulana kwenda juu. "Lakini tumegusana pua," alisema.

"Mmegusana," Ripeka alisema. "Ongeza kome."

"Lakini nimekaribishwa. Wewe mwenyewe ndiye uliyenikaribisha, nimekusikia."

"Nilikukaribisha kula, Graeme. Na umekula."

Akamgeukia Atarangi, akamwambia kwamba atazungumza na wakubwa wake siku hiyo hiyo, kwamba hakuletwa pale kwa kazi ya namna ile. Binti akasema anajua. Akaendelea kula mkate wake. Tuckwell akasimama, na Marafiki wakasimama, kila mmoja akiwa na la kusema kuhusu ndege. Mmoja tu, yule mwanamke wa mwavuli, alisaidia kuondoa sahani mezani. Paora alichukua bahasha, akamkimbilia Tuckwell kwenye maegesho kumrudishia. Tuckwell akaipokea. Ripeka alikuwa amekwisha kukata shauri kwamba hatapokea, akafurahi kuona alikuwa amempa sifa asiyostahili.

Magari yalipokwisha kuondoka, ndugu hao wawili walibaki jikoni kuosha vyombo, kwa sababu wengine wote walipata udhuru. Paora aliosha, Ripeka akafuta. Alikuwa amechangamka. Aliigiza Tuckwell na kikaratasi chake, akaigiza makofi, akamsimulia shakwe na keki ya Lorraine. Akasema binti ana sauti, yule, mtu amfunze zaidi atakuwa mtu. Akasema kama ukoo ungemsikiliza yeye tangu mwanzo, haya yote yasingetokea, lakini ndivyo ulivyo ukoo, nusu ni kondoo na nusu ni mbwa wa kondoo.

"Kura zilikuwa sawasawa," Paora alisema.

"Kura gani?"

"Siku ile. Ulipotoka. Tulipiga, wa ndiyo na wa hapana wakalingana. Ikabaki kura yangu, ya mwenyekiti." Alikuwa anasugua sufuria ile ile mahali pale pale. "Nilikungoja. Nilijua uko kwenye gari, taa ya ndani ilikuwa inawaka. Nikasema akirudi akasema neno moja juu ya Mama, nitakataa. Mimi mwenyewe sikuweza kulitamka. Nilitaka atamke mtu mwingine."

"Si ungenifuata."

"Ulikuwa umetoka kuniita kondoo mbele ya wanangu."

Ripeka alifuta sahani.

"Miaka yote hii ya mikoko," Paora akaendelea, "umetuambia sisi ni wajinga. Kila mkutano. Leo ndiyo mara ya kwanza umetuambia Mama atasombwa. Sikupiga kura kwa ajili ya bati, dada. Bati ni kisingizio. Nilipiga ndiyo ili nikukomoe. Nilikaa pale nikawaza, Mama na aende na maji, ilimradi huyu na mdomo wake ashindwe siku moja. Na nikainua mkono."

Nje mvua ilikuwa imekata, na paa liliendelea kudondosha lilichokuwa nacho. Ripeka alikuwa na majibu. Siku zote alikuwa nayo, yalikuja yenyewe, na mengine yalikuwa mazuri. Aliyapitia, akayaona yote yanamhusu Paora, na hakuna hata moja lililomhusu yeye mwenyewe.

"Ningekuwa kwenye kiti chako," alisema mwishowe, "na mimi ningeinua mkono."

"Najua," Paora alisema. "Ndicho kinachonitisha."

Akampa sufuria, naye akaipokea.